Mama Mia Sita

Watu wa mji wa Kwale tuna ugonjwa mmoja: mgeni akituuliza, tunamjibu. Akiuliza njia, tunampeleka mpaka mlangoni. Akiuliza kodi ya nyumba, tunamtajia yetu na ya jirani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyetuonya kwamba siku hizi mgeni huja na simu iliyowashwa.

Aliyemjia Hasina aliitwa Elijah, kijana wa bara, mwembamba, kofia kaigeuza kisogoni. Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji midogo na kuipiga video, kisha kuwaambia watu wa Nairobi ni wapi wanaweza kuishi kwa pesa kidogo. Alimkuta Hasina akiuza mahamri na mbaazi mbele ya nyumba yake, ile ya udongo na mabati iliyo mwisho wa barabara, pale mlima unapoanza kuteremka. Ukisimama mlangoni pake unaiona bahari ya Diani kwa mbali. Ukizunguka nyuma unaiona nyika ya Kinango inavyokwenda mpaka Taru, nyekundu na kavu, mpaka macho yachoke.

"Aki mathe, hii place imeweza!" Elijah alisema. "Baridi ya mlima huku, jangwa pale chini. Unalipa rent ngapi hapa?"

"Silipi kodi ya nyumba, mwanangu. Nyumba ni yangu. Ninalipa ardhi tu."

"Ngapi?"

"Mia sita."

"Kwa siku?"

"Kwa siku! Kwa mwezi, baba."

Kijana alikaribia kuiangusha simu. Na Hasina, Mungu amsamehe, akafurahi kuona amemshangaza mtu wa Nairobi. Akamwambia bei ya mchicha, bei ya mkaa na bei ya maji. Akamkaribisha ndani, akamwonyesha chumba chake na mumewe Kombe, chumba cha binti yao Hafsa, na chumba cha mama mkwe wake, Bi Sidi, ambaye alikuwa amelala kitandani na akageukia ukutani kwa hasira. Akamlisha mbaazi na mahamri manne. Kijana alipotoa pesa, akakataa kuzipokea.

"Wewe ni mgeni," alimwambia. "Ukirudi utalipa."

Baada ya wiki tatu video ile ilikuwa imetazamwa na watu laki tatu. Wafanyakazi wa ofisi za serikali waliokuwa wakinunua mahamri kwa heshima, "shikamoo mama, nipe mawili," sasa walikuja wakicheka. "Mama Mia Sita! Hebu nipunguzie na mimi bei!" Jina likashika. Hata watoto wa shule walilijua. Hasina alipolisikia alijifanya anageuza mahamri kwenye mafuta, na uso ukiwaka moto kuliko karai.

Lakini jina si kitu. Kitu ni kwamba video ile iliangaliwa pia na Feisal.

*

Feisal alikuwa mtoto wa marehemu Mzee Chirau, mwenye ardhi ile. Miaka kumi na minane iliyopita Mzee Chirau alimwambia Kombe na Hasina: "Jengeni. Nyumba yenu, ardhi yangu. Maadamu nyumba imesimama, hakuna wa kuwatoa." Nyumba bila ardhi, jambo la kawaida huku pwani, nusu ya majirani wanaishi hivyo. Karatasi haikuandikwa. Palikuwa na kahawa, kashata na mashahidi wawili, na mashahidi wote wawili wameshazikwa.

Mvua za masika zilipokuja, zilikuja na ghadhabu. Siku ya nne, alfajiri, ukuta wa chumba cha Bi Sidi ukaanguka wote, kuanzia kwenye bati mpaka chini, zikabaki nguzo na fito zimechomoza nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Bahati nzuri bi kizee alikuwa ameshatoka kufagia uwanja. Alisimama na ufagio wake, akatazama kitanda chake kikinyeshewa, akasema kwa Kiduruma neno ambalo halifai kuandikwa hapa.

Hasina alimpigia Feisal simu. Mtu wa nyumba bila ardhi haendi kukandika ukuta mkubwa bila kumwarifu mwenye ardhi. Ni adabu, na adabu ndiyo iliyomponza tena.

"Da Hasina, usiguse chochote," Feisal alisema.

"Mama analala wapi, mdogo wangu? Chumba kiko wazi."

"Mimi nakwambia usiguse. Ile nyumba imechoka. Maneno ya baba yalikuwa maadamu nyumba imesimama, sivyo? Basi iacheni ifanye itakavyo. Ikianguka, tumemalizana bila ugomvi."

"Na kodi ya mwezi huu nimekutumia jana."

"Nimeirudisha. Angalia simu yako."

Hasina aliangalia. Shilingi mia sita zilikuwa zimerudi, na chini yake Feisal ameandika: *Usitume tena.* Akaelewa. Mtu anayepokea kodi yako amekukubali. Anayeirudisha anakutengenezea kosa, ili kesho asimame mbele za watu aseme hukulipa.

"Jumamosi ijayo naja na mnunuzi," Feisal alimalizia. "Anataka kujenga nyumba za ghorofa, za hao watu waliokuona kwenye video. Ule ukuta uache ulivyo, aone mwenyewe kwamba hapo hamna nyumba tena."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema mwenye ardhi akikukataza kuziba, ufanyeje.

*

Kombe alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Alishuka kila siku kumwagilia maua ya watu na kupanda jioni akiwa na tope la kwao kwenye viatu. Alipolisikia neno la Feisal, alikaa kwenye kigoda, akavivua.

"Twendeni Kinango kwa wazee wangu," alisema. "Kule ardhi ni bure."

"Bure kwa sababu hakuna maji," Hasina akamjibu. "Hafsa yuko kidato cha pili hapa. Wateja wangu wako hapa. Wewe utatoka Kinango saa ngapi ufike Diani? Tuliondoka Ukunda kodi ilipotushinda, tukaja mlimani. Sasa tunafukuzwa mlimani tukaingie nyikani. Na nyika nayo wakiipigia video, twende wapi, Kombe? Mbinguni?"

"Sasa tutashindana na mwenye ardhi?"

"Mimi sishindani na mtu. Mimi nataka ukuta wangu."

Alikwenda kwanza ofisini kwa utawala, kama raia mwema. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba mchana. Alipoitwa, karani alimtazama, akatabasamu, Hasina akafikiri leo mambo yamenyooka.

"Wee! Mama Mia Sita mwenyewe!" Karani akatoa simu. "Ngoja tupige picha moja, mke wangu hataamini."

Akapigwa picha. Kisha akaulizwa karatasi. Hana. Mashahidi? Wamekufa. Risiti za kodi? Ile ya simu Feisal ameirudisha, na Mzee Chirau alikuwa akipokea mkononi na kumwombea dua. Dua haina risiti. Karani akamwambia kwa upole sana kwamba hakuna linaloweza kufanyika, akamfungulia mlango.

Njia nzima ya kurudi Hasina alikuwa akilia kwa hasira, na alikasirika zaidi kwa kuwa analia.

*

Kesho yake alishuka mpaka Waa, kwa Bi Twaiba, mjane wa Mzee Chirau na mama yake Feisal. Alibeba mahamri yaliyofungwa kwa leso.

"Shikamoo, Bi Twaiba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. U hali gani? Kombe hajambo? Sidi je, bado ana ule ulimi?"

"Ulimi anao. Ukuta ndio hana."

Wakakaa kwenye jamvi. Hasina akaeleza yote. Bi Twaiba alisikiliza huku akiuchezea ukingo wa buibui lake. Alikuwa mwanamke mkubwa, miguu imevimba kwa maradhi ya presha, na dawa zake zimepangwa dirishani.

"Nilikuwepo siku marehemu alipowapa neno," alisema. "Kahawa niliipika mimi."

"Basi mwambie Feisal."

Bi Twaiba akageukia dirishani. Kisha akaonyesha dawa kwa kidevu. "Zile ananinunulia nani?"

"Ni yeye."

"Haya."

"Alikuuliza kabla ya kutafuta mnunuzi?"

"Aniulize nini, mwanangu? Mimi mjane. Fungu langu katika mali ya marehemu ni thumni, fungu moja katika manane. Saba ni ya Feisal. Na hiyo moja, nani ataniuliza? Thumni yangu ni ya kunizikia tu."

Hasina alitaka kusema maneno mengi. Akaitazama miguu ya yule mama ilivyovimba, akayameza. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni ndipo akasema:

"Jumamosi naukandika ukuta, Bi Twaiba. Feisal amenikataza. Naukandika mbele yake. Sikuja kukuomba ruhusa, nimekuja kukuarifu, kwa kuwa kahawa uliipika wewe."

Bi Twaiba akalifungua lile fundo la mahamri.

*

Sasa niwaambie mweria. Kwa Waduruma na jamaa zao, kazi iliyomshinda mtu mmoja huitiwa mweria: majirani wanakuja wote siku moja, wanaimaliza, na malipo ni chakula. Leo kwako, kesho kwangu. Sheria yake ni moja, nayo haina msamaha: aliyekula, amefanya kazi. Huwezi kula chakula cha mweria ukaondoka na mikono safi.

Bi Sidi ndiye aliyeuita. Kwa siku tatu alizunguka mji na bakora yake, nyumba hadi nyumba. "Jumamosi kwangu. Kuna sima na mbaazi za nazi. Usipokuja, usiniite kwako hata ukifiwa." Watu wakacheka, lakini walijua hatanii.

Kombe alikuwa bado na shaka. Ijumaa jioni alisema, "Mama, wakija askari je?"

"Wakija watakula," Bi Sidi akasema, "halafu watakandika."

Jumamosi saa moja asubuhi walikuwa watu ishirini. Saa mbili walikuwa arubaini na kitu. Wanaume walichimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba na kuukanyaga kwa miguu pamoja na maji na nyasi. Wanawake waliupitisha kwa karai. Kombe, ambaye hakwenda kazini siku ile na hakuomba ruhusa, alikuwa juu ya pipa akifunga fito mpya. Hafsa na wenzake walibeba maji. Hata yule karani wa ofisini alipita, akasimama kidogo, akavua koti. Alikuwa amewaambia watu wengi kwamba anamfahamu Mama Mia Sita, na sasa aliona haya kupita.

Saa nne gari jeupe likasimama. Akashuka Feisal, shati limepigwa pasi, viatu vya kung'aa. Akashuka mnunuzi, mzee wa bara mwenye tumbo na miwani. Na nyuma akashuka nani? Elijah, na simu yake mkononi, kaajiriwa kupiga picha za kiwanja.

Elijah alipomwona Hasina alifurahi kweli. "Mathe! Ni mimi! Unanikumbuka?"

"Nitakusahau vipi? Umekula?"

"Bado, mathe."

"Hafsa, mpe chakula."

Akapewa sahani. Akala sima na mbaazi akisifu kila tonge, watu wakimtazama kwa furaha isiyo ya kawaida. Alipomaliza, Bi Sidi akamgusa bega kwa bakora.

"Umeshiba?"

"Sana, shosh."

"Vua viatu. Udongo ule pale."

Watu wakaangua kicheko. Elijah akadhani ni mzaha, akatazama huku na huku, akaona si mzaha. Akaikunja suruali.

Feisal hakucheka. Alikuwa akitazama ukuta, ambao kufikia saa ile ulikuwa umefika kiunoni, na shingo yake imesimama mishipa.

"Da Hasina, nilikwambiaje?"

"Uliniambia nisiguse."

"Na hii ni nini?"

"Nimegusa." Hasina alinyoosha mikono yake, myekundu mpaka kwenye viwiko. "Tazama vizuri, Feisal. Nimegusa kwa mikono miwili. Baba yako alisema maadamu nyumba imesimama hatutoki. Wewe ukangoja ianguke. Imeanguka upande mmoja, nami nausimamisha. Ukirudi mwezi ujao umebomoka mwingine, nao nitausimamisha. Nitakandika mpaka nife, na nikifa Hafsa atakandika."

"Hii ni ardhi yangu! Nitaita polisi!"

"Waite. Chakula kipo."

Mnunuzi alikohoa. "Bwana Feisal, uliniambia hapa hapana mtu."

"Hawa wanaondoka, mzee. Hawana karatasi hata moja. Mrithi ni mimi peke yangu."

"Peke yako?"

Sauti ilitoka barabarani. Watu wakageuka. Bi Twaiba alikuwa akishuka kwenye tuktuk, mguu mmoja kwanza, kisha akapumzika, kisha wa pili. Alimlipa dereva, akahesabu chenji yake, akaja polepole mpaka katikati ya uwanja. Hata waliokuwa wakikanyaga udongo walisimama.

"Mama," Feisal akasema kwa sauti ndogo, "twende tukayazungumze nyumbani."

"Nyumbani wapi? Si nasikia unauza?" Akamgeukia mnunuzi. "Asalaam alaikum, baba. Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Mume wangu alipokufa, katika mali yake mimi nina thumni. Amekwambia?"

"Hakuniambia, mama."

"Basi nikuonyeshe." Akaivua leso aliyojitanda juu ya buibui, akaikunjua mbele ya watu wote. "Hii ndiyo ardhi ya marehemu." Akaikunja mara moja. "Nusu." Akaikunja tena. "Robo." Akaikunja mara ya tatu, ikawa ndogo kama msahafu. "Hii ndiyo yangu. Feisal, sijataka chochote kwako tangu baba yako aondoke. Leo nataka. Nataka thumni yangu nichague mwenyewe mahali."

Akatembea, tumbo mbele, miguu ikimuuma kila mtu akiona, mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya Hasina. Akainama kwa shida, akaiweka leso chini.

"Nimechagua hapa."

"Mama, na dawa zako?" Feisal alisema. Ilimtoka tu. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe mbele ya watu wote wale, alitazama viatu vyake.

Bi Twaiba aliunyoosha mgongo. "Usiponinunulia nitaumwa," alisema. "Kuumwa nakujua. Neno la baba yako kuvunjika mikononi mwangu, hilo silijui, na sitaki kujifunza uzeeni."

Mnunuzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kijana, mimi sinunui kesi," alimwambia Feisal, akaingia garini. Gari likaondoka. Feisal akabaki amesimama uwanjani na hati zake kwapani, hana gari, hana mnunuzi, na mbele yake watu arubaini wenye matope. Hajashindwa, msinielewe vibaya. Saba katika manane bado ni yake, na mawakili wapo Mombasa. Lakini siku ile alikaa kwenye jiwe kando ya barabara akingoja tuktuk, na Hafsa alipompelekea sahani ya sima alitikisa kichwa haraka haraka.

"Hasina," Bi Twaiba akaita, "na kodi yangu?"

Hasina akanawa mikono. Akaingia ndani, akatoka na shilingi mia sita, zile zile zilizorudishwa, ambazo alishazitoa kwenye simu. Bi Twaiba akazipokea mbele ya mashahidi arubaini, wote hai, akaziingiza kifuani.

"Kila mwezi mkononi," alisema. "Simu siitaki."

Kisha akakunja mikono ya buibui, akachota udongo kwenye karai na kuupiga ukutani. Ukadondoka nusu.

"Lo! Twaiba hujui kukandika," Bi Sidi akasema. "Bonyeza kwa kiganja, mama, usiupapase kama mtoto mchanga."

"Nifundishe basi, na huo ulimi wako."

Ukuta ulikuwa umefika kifuani. Jua lilikuwa kali, na kwa upande wa nyika wingu jingine la mvua lilikuwa linajikusanya. Walikuwa na muda wa saa mbili, labda tatu, kabla ya mvua. Elijah, matope mpaka magotini, alipiga kelele kutoka upande wa pili:

"Mama Mia Sita! Udongo umeisha huku!"

Watu wakamtazama Hasina, wakijua asivyolipenda jina lile.

"Naam!" Hasina akaitika kwa sauti iliyofika barabarani. "Nakuja nao!"